Ramani ya Saratani ya Tezi katika Afrika ya Joto

Mnamo mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, za juu na za chini. Uvimbe huo, ambao ni saratani ya chembe za limfu, haukuwa mgeni Uganda: Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikwisha kuuandika mapema katika karne hiyo. Lililokosekana ni swali la mahali. Hivyo, mwaka 1961, Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi Afrika ya Kusini na kurudi, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakizihoji hospitali njiani. Ikadhihirika kwamba maradhi hayo hufuata joto na mvua, na ni haba katika nyanda za juu. Ramani yake yakaribiana na ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe. Hata hivyo, virusi hivyo vimeenea duniani kote. Malaria ya mara kwa mara, iivurugayo kinga ya mtoto, ndiyo ielezayo kwa kiasi kikubwa kwa nini msiba huu umewaelemea watoto wa nchi za joto.