Sahani Juu ya Kikombe

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wa hisabati alitugawa makundi ya watu watano na kutupa kazi moja: tuchague kitu kinachobadilika hapa Mombo, tukiandikie mlinganyo, kisha tueleze mlinganyo wetu unakosea wapi. Hilo la mwisho lilitushangaza. Tulizoea kutafuta jibu, si kosa.

Kundi letu lilichagua kikombe cha maji ya moto. Kanuni ya Newton tuliijua: kadiri kitu kinavyozidi joto la mahali kilipo, ndivyo kinavyopoa haraka. Darasani kulikuwa na nyuzi 30. Maji yalianza na nyuzi 90. Baada ya dakika 10 yakafika 70. Ile ziada ya 60 ilibaki 40, yaani theluthi mbili. Tukakokotoa: dakika ya 20 yatakuwa 57, dakika ya 30 yatakuwa 48. Kipimajoto kikasoma 59, kisha 51.

Tukagombana. Mmoja alilaumu kipimajoto, mwingine alinilaumu mimi niliyeshika saa. Wa tatu, ambaye mama yake aliuza chai stendi, aliuliza kwa nini hatukufunika kikombe. Tukaweka sahani juu, tukapima upya. Safari hii maji yalipoa taratibu, na namba zikakaribiana na hesabu. Mvuke ulikuwa ukiondoka na joto, hasa maji yakiwa bado ya moto sana, nasi hatukuuhesabu.

Ndipo mwalimu akatusimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, huko juu Lushoto, mahali magari yanapopanda kutokea hapa Mombo, Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, wakisubiri yapoe kabla ya kuyatia kwenye jokofu. Siku moja, akihofia kukosa trei ya mwisho, Mpemba aliweka yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba hata yeye huanza na ya moto.

Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne alikwenda kumwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi aliripoti kwamba ya moto yaliganda kwanza, akaahidi kurudia mpaka apate matokeo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Osborne alikuwa ameweka utando wa mafuta juu ya maji. Kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa, ishara kwamba joto jingi lilitokea juu. Ilikuwa sahani yetu ileile.

Kisa hiki husimuliwa kama cha kijana aliyewashinda walimu. Mimi naona walimu wale hawakuwa wajinga. Kwa kanuni ya Newton, maji ya moto lazima kwanza yafikie joto la yale ya baridi, kwa hiyo hayawezi kuyatangulia. Hesabu ilikuwa sawa. Walichosahau ni kwamba ilihesabu joto peke yake, bila mvuke, bila mzunguko wa maji, bila barafu iliyo chini ya trei.

Wala mjadala haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya udanganyifu. Kwa hiyo hata yule mwenzetu aliyelaumu kipimajoto alistahili kusikilizwa.

Nimesahau milinganyo mingi ya kidato cha tano. Ila nikionyeshwa hesabu isiyo na dosari, bado namtafuta mtu atakayeuliza kuhusu sahani.