Kichwa kinachouma kila siku: Funzo kutoka bonde la Lambwe

MAUMIVU ya kichwa ni lalamiko la kawaida mno, na pengine ndiyo sababu hayapewi uzito. Anayelalamika huambiwa anywe maji, alale kidogo, au anunue tembe mbili dukani. Kwa walio wengi ushauri huo hutosha. Lakini wapo ambao kichwa huwauma leo, kesho na mtondo, mwezi ukaisha na mwingine ukaanza. Kwa hao, swali la kwanza si dawa ipi iliyo kali zaidi, bali ni ugonjwa gani hasa unaowasumbua.

Ni sehemu chache nchini Kenya ambako swali hilo lina historia nzito kama bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, si mbali na mpaka wa kaunti ya Migori. Hapo, kati ya milima ya Gwassi na mwinuko wa Kanyamwa, kuumwa kichwa kusikokoma kuliwahi kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa kufisha. Leo ugonjwa huo umedhibitiwa. Maumivu ya kichwa yamebaki, na wanaoyaugua wangali wanatafuta nafuu.

Enzi za malale

Malale huenezwa na mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlipuko wa ugonjwa huo uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika mwambao wa Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda. Baadaye Lambwe ikawa miongoni mwa maeneo ya Kenya yaliyojulikana sana kwa malale. Vichaka vya bonde viliwapa mbung'o kivuli, na wanyamapori wakawapa damu. Mwaka 1958 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Nyanza walikipata kimelea cha malale katika mwili wa pongo, ikathibitika kwamba wanyama wa porini huweza kukihifadhi bila wao kuonekana wagonjwa.

Sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikapewa jina la Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya swala wakubwa waitwao korongo. Mapema katika miaka ya 1980 malale yalilipuka tena Lambwe, na mwaka 1981 ndege zilitumwa kunyunyiza dawa ya kuua wadudu juu ya vichaka hivyo. Katika miaka iliyofuata mitego ya vitambaa ilitumiwa pia kuwanasa mbung'o.

Kimelea kinachopatikana upande huu wa Afrika, Trypanosoma brucei rhodesiense, hakimpi mgonjwa muda mrefu. Aliyeambukizwa hupata homa, kichwa kikali, maumivu ya viungo na mwasho wa ngozi. Kimelea kikishaingia katika ubongo, mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Asipotibiwa huweza kufa katika wiki au miezi michache.

Hatari kubwa ilikuwa katika kufanana kwa dalili. Homa na kuumwa kichwa kando ya ziwa hudhaniwa kwanza kuwa malaria. Mgonjwa angeweza kumeza dawa za malaria, kisha za kutuliza maumivu, kisha akarudi nyumbani kungoja, huku kimelea kikiendelea na safari yake. Ukweli ulipatikana kwa kuchunguza damu kwa darubini na kupima maji ya uti wa mgongo. Baada ya hapo matibabu yaliwezekana, ingawa hayakuwa mepesi. Dawa ya melarsoprol, iliyotumiwa ugonjwa ulipofika kwenye ubongo, ina asili ya sumu ya aseniki, na yenyewe iliweza kumuua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Hospitali ya rufaa ya malale ilikuwa Alupe, karibu na Busia, mwendo mrefu kwa mkazi wa Lambwe.

Mgonjwa wa mwisho wa malale aliye mwenyeji wa Kenya alipatikana mwaka 2009. Mwaka 2012 waligunduliwa wengine wawili, wageni waliokuwa wameambukizwa Masai Mara na kutambuliwa ng'ambo. Agosti 8, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma, na kuifanya nchi ya 10 kufikia hatua hiyo. Hilo halina maana kwamba mbung'o wameisha. Ndiyo maana ufuatiliaji unaendelea katika kaunti zilizowahi kuathirika, na kwa nini mhudumu wa afya bado ana haki ya kumuuliza mwenye homa na kichwa kisichopoa kama aliumwa na ndorobo akichunga au akikata kuni karibu na mbuga.

Magonjwa ya kuondoa shaka kwanza

Malale yameondoka, lakini kanuni iliyotokana nayo ingali na nguvu: kabla ya kuitwa cha kawaida, kichwa kisichokoma hupimwa. Homa Bay na Migori zimo katika ukanda wa ziwa wenye malaria mwaka mzima. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu katika dakika chache. Jibu likiwa kwamba hakuna malaria, kumeza dawa zake tena na tena ni kupoteza fedha na wakati.

Kaunti hizo mbili pia ni miongoni mwa zenye viwango vya juu vya virusi vya Ukimwi nchini. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, kichwa kinachozidi kuuma kwa siku au wiki kadhaa huweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye kriptokoka. Ugonjwa huo huua usipotibiwa, ilhali hutibika ukiwahiwa.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungoja siku ya kliniki. Nazo ni kichwa kinachoanza ghafla kwa kishindo na kufikia kilele katika sekunde au dakika chache. Kichwa pamoja na homa na shingo iliyokakamaa. Kuchanganyikiwa, kifafa, kupooza upande mmoja au kushindwa kusema. Maumivu yaliyoanza baada ya kugongwa kichwa. Maumivu mapya kwa mtu aliyepita umri wa miaka 50. Na kichwa kikali kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, ambacho huweza kuashiria kifafa cha mimba. Mwenye mojawapo ya dalili hizo hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kipandauso

Magonjwa hayo yakishaondolewa shaka, kinachobaki kwa wagonjwa wengi wanaolemewa na maumivu ya kurudiarudia ni kipandauso. Jina lenyewe linaeleza: ni maumivu yanayoupanda uso, aghalabu upande mmoja. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliyaita kwa neno lenye maana ya nusu ya kichwa, na neno hilo ndilo mzazi wa jina la ugonjwa huu katika lugha nyingi za Ulaya.

Kipandauso hudunda kama ngoma, huzidi mgonjwa akitembea au kuinama, na huandamana na kichefuchefu, kutapika au kuchukizwa na mwanga na kelele. Pasipo tiba hudumu kati ya saa 4 na siku 3. Baadhi ya wagonjwa kwanza huona vimulimuli au mistari ya kumetameta, au kuhisi ganzi mkononi, kabla maumivu hayajafika. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara nyingi huanza wakati wa kubalehe, na huenda kwa ukoo.

Zamani ilidhaniwa kwamba chanzo chake ni kutanuka kwa mishipa ya damu tu. Sasa inajulikana kwamba ni ugonjwa wa ubongo na neva. Neva kuu ya uso hutoa kemikali inayoamsha maumivu katika utando unaouzunguka ubongo. Wanasayansi wanne waliofumbua jambo hilo, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walitunukiwa Tuzo ya Ubongo ya mwaka 2021 nchini Denmark.

Tatizo ni kwamba kipandauso hakionekani. Kipimo cha damu hakikifichui, wala picha ya ubongo haikionyeshi. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa daktari. Kwa sababu hiyo anayeugua hushukiwa uvivu, huambiwa ana mawazo mengi, au hudaiwa kurogwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu hayo huitwa sugu yanapompata mtu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na sura ya kipandauso.

Dawa inapogeuka chanzo

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba tembe za kutuliza maumivu, zikimezwa mara nyingi mno, huweza zenyewe kuzalisha maumivu ya kichwa ya kila siku. Mpaka unaokubalika kimataifa ni siku 15 kwa mwezi kwa parasetamoli, aspirini au ibuprofeni ikimezwa peke yake. Kwa tembe zinazochanganya dawa hizo pamoja na kafeini, na kwa dawa za jamii ya afyuni kama vile tramadoli, mpaka ni siku 10.

Ni mtego unaonasa polepole. Tembe hununuliwa moja moja dukani, bei yake ni ndogo, na hakuna anayehesabu. Mgonjwa huamka na kichwa, humeza, hupata nafuu ya saa chache, kisha maumivu hurudi kwa sababu dawa imepungua mwilini. Naye humeza tena. Baada ya miezi mingi haijulikani tena ni lini kipandauso kiliishia na mazoea ya dawa yakaanzia. Njiani, aspirini na ibuprofeni huweza kulidhuru tumbo na figo, na parasetamoli ikizidi kipimo huharibu ini.

Tiba yake ni kuacha. Dawa za kawaida huweza kuachwa mara moja. Tramadoli na wenzake hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Siku za mwanzo huwa ngumu, maana kichwa huuma zaidi kabla ya kutulia. Anayeonywa mapema huvumilia. Asiyeonywa hudhani ugonjwa umezidi, akarudi dukani.

Kutoka kisu cha omobari hadi kliniki

Kiu ya nafuu si jambo la leo. Katika jamii nyingi za Kenya wagonjwa wamechanjwa chale kwenye paji la uso na kupigwa chuku. Katika nyanda za Kisii, mashariki mwa Homa Bay na Migori, walikuwapo mabingwa walioitwa omobari, waliofungua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa wa fuvu ili kuwaondolea maumivu watu waliougua tangu walipogongwa kichwani. Upasuaji huo uliandikwa na madaktari na kupigwa filamu katika karne ya 20. Hatari yake ya kuvuja damu na kuambukizwa ni dhahiri, na hakuna anayepaswa kuurejea. Lakini waliokubali kulala chini ya kisu hicho wanathibitisha jambo moja: maumivu ya kichwa yasiyokoma humfanya mtu awe tayari kujaribu lolote.

Tiba ya sasa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kulituliza shambulio. Ibuprofeni, aspirini au parasetamoli hufaa zaidi zikimezwa mapema na kwa kipimo kamili, pamoja na dawa ya kichefuchefu inapohitajika. Zikishindwa ipo sumatriptan, ambayo mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Haiwafai wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi.

Ya pili ni kuzuia mashambulio yasije, na ndiyo inayosahauliwa. Propranolol, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayotumiwa pia kwa shinikizo la damu, hupunguza idadi ya siku za maumivu. Wenye pumu hawapewi. Amitriptyline kwa kipimo kidogo cha usiku huwasaidia wengine. Dawa hizi humezwa kila siku hata kama kichwa hakiumi, na hupimwa baada ya miezi 2 au 3. Siku za maumivu zikipungua kwa nusu, huo ni ushindi. Wengi huacha baada ya wiki moja wakidhani hazifanyi kazi. Dawa mpya za sindano zinazoizuia ile kemikali ya neva zilianza kuidhinishwa mwaka 2018, lakini bei yake ni mzigo ambao walio wengi hawauwezi.

Mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya maumivu anapaswa kumweleza mhudumu kabla ya kuchagua njia ya kupanga uzazi, kwa kuwa vidonge vyenye homoni ya estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi. Valproate, inayotumiwa pia kuzuia kipandauso, humdhuru mtoto tumboni.

Mazoea ya maisha nayo yana nafasi yake. Ubongo wenye kipandauso haupendi mabadiliko: kulala saa zisizolingana, kuruka mlo, kukosa maji, jua kali. Mvuvi wa omena anayekesha ziwani kwa mwanga wa taa, au mama anayelima hadi adhuhuri kabla ya kula, hawezi kuiacha kazi yake. Anaweza hata hivyo kula kabla ya kutoka, kubeba maji, kufunika kichwa na kulala saa zile zile kila anapoweza.

Chombo kingine hakigharimu zaidi ya daftari la shule. Kila siku huandikwa tarehe, saa maumivu yalipoanza, ukali wake, dawa iliyomezwa na idadi yake, usingizi, mlo na, kwa mwanamke, siku za hedhi. Kurasa za miezi 2 humwonyesha afisa wa kliniki mambo ambayo mgonjwa hangeyakumbuka: kama maumivu yana majira, kama tembe zimevuka mpaka, na kama dawa ya kuzuia inafanya kazi. Pale ambapo mashine ya kupiga picha ya ubongo iko mbali na daktari bingwa wa neva yuko mbali zaidi, daftari hilo huweza kumfikisha mgonjwa kwenye jina la ugonjwa wake, na jina hilo ndilo linaloamua apewe dawa gani na ipi aiache.