Elimu ya Jinsia Shuleni: Nafasi Iliyoachwa Wazi Karatu na Ngorongoro

Suala la kuingiza elimu ya jinsia katika mitaala huzungumzwa makanisani mwetu kana kwamba ni jambo geni lililoletwa na wafadhili. Historia ya Karatu na Ngorongoro haituruhusu kusema hivyo. Wairaqw walikuwa na marmo, ambamo wasichana waliwekwa utengoni na kufundwa na wanawake watu wazima. Desturi hiyo ilikoma chini ya utawala wa Waingereza. Kwa Wamaasai mafunzo yaliambatana na tohara na rika, na heshima, waiitayo enkanyit, ilimkataza mwanamume kumwendea binti wa mwanarika mwenzake.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Binti wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa na unajisi, akatengwa na watu wake. Ukeketaji nao uliumiza na ungali unaumiza, ingawa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Lakini mwalimu alikuwapo, na alipoondoka hakuna aliyekaa mahali pake. Kipaimara kilikaririsha amri ya sita bila kumweleza kijana mwili wake. Ni kweli kwamba Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliyakusanya mafundisho ya jando la Wachaga na kuyachapisha katika vitabu vitatu. Aliyachapisha kwa Kijerumani! Ni wangapi kati ya waliofundisha kipaimara walioweza kuvisoma?

Shule iliamshwa na kifo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ya 1990 mwanzoni, mpango ulioitwa Ngao ulijaribiwa katika shule za msingi za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, madarasa ya 6 na 7, walimu wakishirikiana na wahudumu wa afya. Maarifa yaliongezeka, na wanafunzi wakazungumza zaidi juu ya ugonjwa huo. Baadaye mpango wa MEMA kwa Vijana mkoani Mwanza ulionyesha jambo la kutufikirisha: vijana walijua zaidi, lakini maambukizo na mimba havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kwa maoni yetu, hii si sababu ya kunyamaza. Mtoto anayefundishwa kwa Kiswahili darasani, kisha akarudi katika boma ambamo baba amekwisha kupokea mahari, hana uwezo wa kukitumia alichojifunza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Wakati huohuo shule ilikuwa na utengo wake. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na wasichana wajawazito wakaondolewa kwa msingi huo hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wataruhusiwa kurudi.

Nasi wachungaji? Tumewahi kumwondoa binti mjamzito kwenye Meza ya Bwana na kumsimamisha mbele ya usharika aungame, huku mvulana akiendelea kuimba kwayani. Wazee wa Kiiraqw walau waliogopa unajisi. Sisi tulikuwa na Injili mkononi.