Nakala Isiyotaka Kutupwa

Karani wa stoo akitaka kujua deni la mteja, hufungua daftari, hunakili hesabu kwenye kikaratasi, hupiga hesabu zake, kisha huandika jibu daftarini. Kile kikaratasi kinatupwa lini, na nani? Seva za makampuni makubwa zinasumbuliwa na swali hilo hilo. Daftari ni hifadhidata, kikaratasi ni nakala iliyopakiwa kwenye kumbukumbu ya mashine, na nakala hizo zikirundikana, seva huanguka.

Enzi za mashine kubwa za IBM shida hii haikuonekana sana. CICS, programu yake ya kuendesha miamala iliyotoka mwaka 1969, ilipokea muamala, ikautekeleza, ikaachilia kumbukumbu yake, basi. Mwaka uliofuata Edgar Codd, naye wa IBM, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe kwa majedwali. Kwingine kabisa, John McCarthy wa MIT alikuwa ameshaonyesha kwa lugha yake ya Lisp, katika makala ya 1960, kwamba programu inaweza kujizolea taka: kitu ambacho bado kina njia ya kufikiwa kinabaki, kilichokosa njia kinafagiliwa. Majedwali na mzoa taka viliishi mbalimbali kwa miongo kadhaa kabla ya kuwekwa nyumba moja.

Walioonja mapema ladha ya kupakia majedwali kwenye kumbukumbu, kabla hata mzoa taka hajaingia nyumbani, ni watu wa NeXT, kampuni ya Steve Jobs. Mwaka 1994 walitoa Enterprise Objects Framework, na 1996 wakajenga juu yake seva ya WebObjects. Nakaa hapa kidogo, kwa sababu sijaona mfumo uliofikiri kwa kina zaidi juu ya maisha ya nakala. Kila mstari wa jedwali uligeuka objekti. Ukiita mteja mwenye oda 300, oda hazikuletwa: uliwekewa kivuli tu, na ukikigusa ndipo hifadhidata inaulizwa. Mfumo ulitunza pia picha ya mstari ulivyosomwa, ili wakati wa kuhifadhi ujue kama kuna mtu mwingine ameshaubadilisha.

Ila mfumo huu ulirithi tabia za kompyuta ya mezani. Ulikuwa na uwezo wa kutengua mabadiliko, na ili kutengua lazima ukumbuke kilichobadilishwa. Mezani ni neema hiyo. Kwenye seva ya wavuti, ambako hakuna mteja anayebonyeza kitufe cha kutengua, ilimaanisha objekti zimeshikwa bila sababu. Ongeza kwamba kila kikao cha mteja kilitunza hadi kurasa 30 ili mtu akirudi nyuma azikute, na kwamba kwa kawaida kikao kilisubiri saa nzima ndipo kife. Mteja amefunga dirisha, amekwenda kulala, seva bado imemshikia mzigo wake. WebObjects ilipoandikwa upya kwa Java mwaka 2001 ilipata mzoa taka, lakini mzoa taka hagusi kitu kilichoshikwa na mwingine. Waliozoea wakajifunza kuuzima utenguaji kwa mkono.

Java yenyewe, iliyotoka Sun mwaka 1995, ilikuwa na njia yake. EJB ya 1998, kanuni yake ya objekti za seva, ilikabidhi maamuzi kwa kontena, yaani programu inayoziendesha objekti hizo: ndiyo iamue nakala ilazwe lini na iamshwe lini. Kwenye karatasi, mpango mzuri. Kwa vitendo, kusoma jina, anwani na simu ya mtu mmoja kungeweza kuwa safari tatu kwenye mtandao, maana violesura vya ndani visivyohitaji safari hizo vilikuja na toleo la 2.0 mwaka 2001. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wenye programu walipochoka kuamuliwa.

Mwaka huo huo Gavin King alianzisha Hibernate, na objekti ikarudi kuwa darasa la kawaida. Mwaka 2006 mtindo huo ukawa kanuni rasmi ya Java, JPA. Lakini kikao cha Hibernate, yaani mazungumzo yake na hifadhidata, hushika kila objekti kinayoisimamia mpaka uiachilie. Nyaraka zake za zamani zilikuwa na mfano ninaoupenda kwa ukweli wake: programu inaingiza wateja 100,000 kwa kitanzi kimoja, na zilisema wazi kwamba itaanguka kwa kukosa kumbukumbu karibu na mstari wa 50,000. Dawa ni mistari miwili ya msimbo: kila baada ya wateja 20, sukuma mabadiliko kwenye hifadhidata, kisha safisha kikao. Kinyume chake kipo pia. Funga kikao mapema, kisha uguse kile kivuli cha oda, utapokewa na kosa badala ya data.

Wazoa taka nao wamenolewa. G1 ilikuja, kisha ZGC, iliyoingia Java 11 mwaka 2018 ikilenga kuisimamisha programu kwa muda mfupi mno hata kumbukumbu ikiwa kubwa. Ni kazi ya hali ya juu. Lakini mpe ZGC wale wateja 100,000 ndani ya kikao kilicho wazi, naye atawapitia mmoja mmoja, atakuta wote wana mwenyewe, na kuwaacha pale pale walipo.