Stahamala Ulingoni

Aulizwapo mtu ni sifa ipi ya mwili au ya nafsi inayomfaa mpiganaji wa ngumi au wa mieleka kuliko zote, jawabu la kwanza aghalabu huwa nguvu, la pili wepesi, la tatu ushujaa; na wale walio karibu na ulingo, kwa kuwa wamekwisha kuona wenye nguvu wakianguka na wepesi wakifikiwa, huongeza neno ambalo lugha yetu imelipokea kutoka ng'ambo bila ya kulitafutia makazi imara, yaani stamina. Muradi wa makala hii ni kulitazama neno hilo, kueleza kitu linachokitaja, na kulitetea jina la Kiswahili ambalo kwa maoni yangu lilikuwapo tangu zamani likingoja kazi, nalo ni stahamala.

Wapo wanaoifasiri stamina kwa uvumilivu. Uvumilivu ni sifa tukufu, lakini mwenye nayo ni mtu aliyedhulumiwa akanyamaza, au anayengojea jambo bila ya kunung'unika, ilhali bondia hangoji wala hanyamazi. Wapo wanaosema ukakamavu, neno lililo la askari katika gwaride, nalo sharti likataliwe kabisa, kwa sababu bondia aliyekakamaa ndiye aliye karibu mno na kushindwa, kama nitakavyobainisha. Mabondia wetu wenyewe husema pumzi. Fulani ana pumzi. Fulani pumzi imemkata raundi ya nne. Hili ni neno zuri, fupi, la asili ya Kibantu, na sina nia ya kulitoa katika vinywa vya watu. Ila hutaja upande wa mwili na kuuacha upande wa nafsi, ndiyo maana wasemaji hao hao, wakitaka kumsifu mtu kwa ukamilifu, hulazimika kuongeza kwamba na moyo pia anao.

Stahamala ina pande zote mbili. Kitenzi chake, kustahamili, asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kubeba, na mzizi huo ndio uliotupa hamali, mchukuzi wa bandarini, na himila, mzigo wake, na kuhimili, ambalo ni kuuweza mzigo huo bila ya kuelemewa. Basi mwenye stahamala, kwa maana ya chanzo cha neno, ni mtu aliyetwikwa na bado anakwenda. Sijui watu walio na haki zaidi ya kulielewa neno hili kuliko Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 walijulikana katika njia za misafara baina ya bara na pwani kwa kuchukua mabegani mizigo ya frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, siku baada ya siku, kwa majuma mengi. Hata leo neno la ukoo mmoja na stahamala husikika katika Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 na kuwa na makao yake makuu Bariadi, kwa kuwa mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zake hutajwa kuwa ni wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mkulima wa Itilima au wa Meatu aliyekwisha kuelewa maana ya nchi kuhimili ukame hatapata shida kuelewa maana ya bondia kustahamili raundi ya kumi.

Sasa tukitazame kitu chenyewe. Mwili wa mpiganaji una akiba tatu za nguvu. Ya kwanza imo ndani ya misuli, tayari kwa matumizi, nayo huisha kwa sekunde zipatazo 10 za juhudi yote. Ya pili hupatikana kwa kuvunjwa kwa sukari ya mwilini bila ya kungojea hewa, nayo hudumu dakika moja au mbili na kuiacha misuli ikiwaka. Ya tatu huletwa na oksijeni, ambayo mapafu huivuta na moyo huisambaza, nayo huja polepole lakini haikauki upesi. Raundi ya ngumi za wanaume ni dakika 3, na mapumziko ni dakika 1. Bondia wa ridhaa hucheza raundi 3, ilhali wa kulipwa, akigombea ubingwa, hucheza 12, ambazo ni dakika 36 za mapambano. Hapa lipo jambo ambalo watazamaji wengi hawalitambui: konde kali hutupwa kwa akiba ya kwanza, lakini akiba ya kwanza, ikishatumika, hujazwa na ya tatu. Kwa hiyo ni kosa kuitenga stahamala na nguvu na kuzipanga kama washindani wawili katika orodha moja ya sifa, kwa kuwa katika raundi ya pili na zote zifuatazo nguvu haipo ila kwa kadiri stahamala inavyoirudisha.

Na nafsi je? Hofu, ambayo si aibu na haimkosi mpiganaji yeyote mwenye akili timamu, humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio kabla ya kengele kulia, mabega hupanda, misuli ya kurusha mkono na misuli ya kuuzuia hukaza kwa pamoja, kila mmoja ukipigana na mwenziwe, na mtu huziba pumzi bila ya kujijua. Huyo ndiye niliyemwita aliyekakamaa. Atatumia katika dakika moja kile ambacho mwenziwe aliyetulia atakitumia katika tatu, na watazamaji watasema hakufanya mazoezi, kumbe alikimbia kila alfajiri na kuruka kamba kila jioni, ila hakufundishwa kuitawala hofu. Mwalimu amwambiapo bondia atoe pumzi kwa kishindo kila atupapo konde, amemfundisha kwa agizo moja mapafu na moyo wa ndani, maana anayepumua hawezi kuwa amejikaza mwili wote. Utulivu, ambao wengi huuhesabu kuwa sifa ya akili iliyo mbali na mwili, ni sehemu ya stahamala na hulipwa kwa sarafu ile ile ya pumzi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitolewa barani kwetu, mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman alipokutana na Muhammad Ali. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano yote 40 aliyocheza, na 37 katika hayo aliyamaliza kwa kumwangusha mpinzani. Ali alikuwa na miaka 32, na wepesi wa miguu uliompa jina ulikuwa umepungua. Ali akaegemea kamba, akajikinga kwa mikono, akampa mwenziwe ruhusa ya kupiga apendavyo, na Foreman, kwa kuwa hakuzoea mtu asiyeanguka, akapiga hadi mikono ikawa mizito; katika raundi ya nane akaangushwa. Ali hakumzidi nguvu usiku ule, wala nadhani hakumzidi wepesi. Aliubeba mzigo, na kwa kuubeba akamtwika mwenye kuutoa. Miaka kumi na moja na ushei baadaye, tarehe 10 Machi 1986, John Mugabi wa Uganda, aliyekuwa na nishani ya fedha ya Olimpiki ya Moscow ya 1980, na ambaye kila pambano lake la kulipwa, zaidi ya 20, alikuwa amelimaliza kabla ya kengele ya mwisho, alisimama mbele ya Marvin Hagler huko Las Vegas. Alipigana kwa ushujaa unaostahili heshima hadi leo, lakini raundi zilipopita idadi aliyoizoea, makonde yake yakapoteza uzito, na katika raundi ya 11 akahesabiwa chini.

Mtu anaweza kunijibu kwa mfano wa bondia wa hapa kwetu Tanzania: Hassan Mwakinyo wa Tanga, mnamo Septemba 2018, alimkabili Mwingereza Sam Eggington huko Birmingham, akamshinda pale mwamuzi alipolisimamisha pambano katika raundi ya pili, kabla stahamala ya yeyote haijaulizwa swali. Hoja hii ni ya haki. Kasi na usahihi wa konde vinaweza kuufupisha usiku, na hakuna mwalimu mwenye insafu atakayevidharau. Lakini bondia hachagui mpinzani atakayeanguka mapema, na sifa inayomfaa mtu usiku wa bahati haiwezi kuwekwa juu ya ile inayomfaa siku ambayo bahati imemkataa.

Narudi Bariadi, kwa sababu naona huko ipo hazina isiyohesabiwa. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na kijana aliyeshika plau nyuma ya maksai tangu utotoni, akapalilia, akachuma, akabeba marobota, ameijenga akiba ya tatu bila ya kuijua kwa jina. Fauka ya hayo, Wasukuma wana shule ya nafsi katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambamo pande mbili hucheza siku moja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayeuvuta umati upande wake. Mchezaji huona kwa macho yake watu wakimwacha na kumwendea mpinzani, na katika hali hiyo hutakiwa asipoteze mwendo wa ngoma, asiharakishe kwa hofu, wala asijikaze kwa ghadhabu, bali aendelee hata warejee. Mabondia wengi wa mijini hawajawahi kufunzwa jambo hilo.

Ila pumzi ya shamba si pumzi ya ulingo. Jembe huenda kwa mwendo mmoja toka asubuhi hata adhuhuri, ilhali ngumi hudai mlipuko, kisha utulivu, kisha mlipuko tena, na mwili usiozoea mageuzi hayo utakwama hata ukiwa na siha ya fahali. Basi mwalimu atakayefungua darasa huko asipoteze miezi kumkimbiza kijana masafa marefu ambayo mguu wake unayajua. Ampe begi kwa dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, mara sita au nane, kisha ampambanishe kwa mazoezi na mtu anayemzidi, mbele ya watazamaji wanaomshangilia huyo mwingine. Na katika kila dakika ya mapumziko, amshike kifundo cha mkono, ahesabu mapigo ya moyo ya sekunde 15 za mwanzo na ya sekunde 15 za mwisho. Tofauti ya hesabu hizo mbili, ikikua mwezi baada ya mwezi, ndiyo kipimo cha stahamala kilicho rahisi kuliko vyote, nacho hakihitaji chombo ila saa na vidole viwili.