Jina la Mfalme wa Siku 326 katika Senti Zetu

Edward wa 8 alirithi kiti cha Uingereza Januari 20, 1936. Desemba 11 mwaka huohuo alikuwa ameshakiacha ili amwoe Wallis Simpson wa Marekani. Waingereza hawakupata kufanyia manunuzi sarafu yenye sura yake. Jina lake, hata hivyo, lilipita mikononi mwa wauza ndizi na wachukuzi wa Afrika Mashariki.

Kwao Uingereza, sarafu ilidai sura ya mfalme, na sura ndiyo iliyochelewesha kazi. Tangu enzi za Charles wa 2, kila mfalme alitazamishwa upande ulio kinyume na wa aliyemtangulia. Edward akashikilia atazame kushoto, kama baba yake. Alipojiuzulu, Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ilikuwa na sarafu za majaribio tu, zenye mwaka 1937. Moja ya dhahabu iliuzwa pauni milioni 1 mwaka 2020.

Senti tano na senti kumi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mtu. Ni za shaba, zina tundu katikati; upande mmoja taji, upande wa pili pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Ilitosha kubadili jina. Mwaka 1936 zikapigwa chapa kwa mamilioni zikiandikwa EDWARDVS VIII, zikaletwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliyojiunga na bodi mwaka uleule.

Kwa kuwa zilikuwa nyingi, hadi leo zinapatikana kwa bei nafuu. Mkusanyaji atafute herufi ndogo: H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham, na KN ni ya King's Norton, nyingine hazina herufi. Asizisugue kwa ndimu wala mchanga, maana rangi ya shaba iliyokomaa ndiyo thamani yake. Ajihadhari pia na sarafu kubwa zenye sura ya Edward na mwaka 1936 au 1937: nyingi zilitengenezwa na watu binafsi miaka mingi baadaye.

Ile ya dhahabu haikununua kitu sokoni. Senti yetu ilinunua chumvi na kiberiti. Kwa hiyo, kabla ya kuuza kopo la sarafu za bibi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, zimwage mezani, usome majina na miaka, kisha umuulize bibi alizipata wapi na zilinunua nini. Majibu yake yaandikwe na kuhifadhiwa pamoja nazo.