Kumlilia Marehemu na Kumwachia Aende

Miaka ya 1930, kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kati ya Mto Songwe na Milima ya Livingstone, katika Bunyakyusa, nchi ya Wanyakyusa, mtu mzima akifariki habari haikuhitaji mjumbe. Wanawake walijaa nyumbani mwa marehemu, wakakaa wamebanana kuizunguka maiti, wakalia kwa sauti iliyovuka migomba hadi kijiji cha pili. Nje, wanaume walikuwa na kilio cha namna yao. Walishika mikuki, wakafunga njuga miguuni, ngoma zikapigwa, wakacheza ukukina, mchezo wa vita. Walipoulizwa sababu, walieleza kuwa kifo kimewachokoza: huzuni na hofu vinachemka ndani kama ugomvi, na mwili usipocheza moyo hautulii. Mara nyingine ugomvi huo ulipata mtu wa kumwangukia, vijana wa vijiji viwili wakapigana palepale msibani.

Ng'ombe walichinjwa, wakwe na ndugu wa mbali wakawasili, marehemu akazikwa karibu na nyumba yake. Ngoma haikukoma kwa maziko. Ila kadiri saa zilivyosonga ilibadilika sura. Wanawake walianza kupita katikati ya wachezaji wakinengua na kupiga vigelegele vya vita, vijana wakatupiana macho na mabinti, na uchumba mwingine ulianzia hapo hapo. Mgeni wa pwani angesema ni utovu wa adabu. Lakini hakuna aliyekuwa amewaamuru waache huzuni. Waliicheza mpaka ikageuka yenyewe.

Habari hizi tunazijua kwa undani kwa sababu ya watu watatu. Godfrey Wilson, Mwingereza, aliingia Bunyakyusa mwaka 1934. Mwaka uliofuata alimwoa Monica Hunter, binti wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, wakaendelea na utafiti pamoja hadi 1938. Wa tatu ni Leonard Mwaisumo, karani Mnyakyusa aliyewasaidia kuuliza, kuandika na kuelewa. Mwaisumo alizaliwa mwaka 1910 na kufariki 1938, kijana kabisa. Bila watu kama yeye vitabu vya wageni vingejaa makisio.

Walichokiandika juu ya siku zilizofuata maziko ndicho kinachostahili kusomwa taratibu. Wageni wakishaondoka, wafiwa wa karibu walibaki na kazi ngumu zaidi. Walitengwa ndani ya nyumba, wakalala juu ya majani ya migomba yaliyotandazwa sakafuni. Katika mambo waliyofanyiwa, moja linashangaza: takataka zilifagiliwa kuwaelekea wao, zikawafunika. Kwa Wanyakyusa, mtu anayechezea uchafu bila kujali ni mwendawazimu. Basi mfiwa alipewa uchafu na wazimu wa kuigiza, kwa saa zake na mbele ya watu wake, ili wazimu wenyewe usimjie baadaye. Aliyekwepa mila hiyo ndiye waliyemhofia kuwa atarukwa na akili. Mwanaanthropolojia Mary Douglas alivutiwa sana na jambo hili, akalijadili mwishoni mwa kitabu chake cha 1966 kuhusu usafi na unajisi.

Baada ya hapo majani yalitupwa nje, wafiwa wakaoga mtoni, wakanyolewa. Marehemu naye alikuwa akishughulikiwa kwa hatua mbili. Kwanza alifukuzwa, aondoke katika ndoto na miili ya walio hai, maana maiti inayong'ang'ania watu wake ni hatari. Kisha alikaribishwa tena nyumbani, safari hii akiwa mmoja wa abasyuka, wahenga wanaoota moto pamoja na wazao wao. Mrithi alishika nafasi yake, na maisha yakaendelea.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Wahindu wamelifikiria jambo hili hili kwa karne nyingi. Wagujarati waliofungua maduka katika miji yetu walikuja na mila inayofanana na hii kwa kiasi cha kushangaza, ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake. Kwao mtu aliyekufa karibuni ni preta, roho inayohangaika karibu na nyumba. Mwana hunyoa kichwa na kumtolea matonge ya wali siku baada ya siku. Kwa desturi, siku ya kumi na mbili matonge huunganishwa, preta akaingia katika safu ya pitri, mababu. Kabla ya hapo yeye ni mzigo kwa jamaa. Baada ya hapo ni baraka.

Juu ya mila hiyo kuna falsafa ambayo mara nyingi husomwa vibaya. Neno lake ni anasakti, kutong'ang'ania, na Gandhi alilitumia kuipa jina tafsiri yake ya Bhagavad Gita kwa Kigujarati, iliyotoka mwaka 1930. Wengi hudhani mafunzo hayo yanataka moyo wa jiwe. Lakini Gita yenye sura 18 inaanza na shujaa Arjuna aliyelegea katika gari lake la vita, upinde umemponyoka, akiwalilia ndugu atakaopigana nao. Sura hiyo ya majonzi imehesabiwa kuwa yoga kama zilizobaki. Jina lake ni yoga ya huzuni ya Arjuna. Mungu Krishna, mwendesha gari lake, anamkaripia kwa kushindwa kusimama, ndiyo, ila mafundisho yote yanatokana na kilio hicho. Na utenzi mkubwa unaoibeba Gita, Mahabharata, una kitabu kizima cha kumi na moja, Kitabu cha Wanawake, ambamo wajane na mama wa waliouawa wanatembea uwanja wa vita wakiomboleza. Hawanyamazishwi. Wakishamaliza ndipo marehemu wanatolewa maji.

Nisiwafananishe kupita kiasi. Mwanafalsafa wa Kihindu anataka hatimaye roho iachane na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mzee wa Ipinda, huko Bunyakyusa, angecheka akiambiwa asishikamane na ng'ombe wake na wanawe. Alitaka abasyuka wake karibu, wampe watoto na mavuno. Alichotaka kikatwe ni kile kishiko kimoja cha maiti. Hata hivyo, kwa njia ya kukikata, namwona mzee huyu yuko karibu zaidi na Kitabu cha Wanawake kuliko walivyo wasomaji wengi wa Gita wanaohubiri utulivu wa macho makavu.

Waliohubiri utulivu Bunyakyusa walikuwa wengine. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia wote mwaka 1891, na walitaka maziko ya nyimbo na sala. Mchezo wa mikuki ulikuwa upagani, takataka na majani zaidi ya hapo. Mkristo alikatazwa, lakini shangazi zake walikuwa bado wakimwuliza: ukirukwa na akili tutamwambia nani? Wilson na mkewe waliwakuta watu wakivutwa pande zote mbili.

Mwaka 1944 Godfrey Wilson, aliyekuwa amesumbuliwa na msongo mzito wa moyo, alijiua akiwa katika jeshi la Afrika Kusini. Monica alibaki na watoto wawili wa kiume na masanduku ya daftari. Alizifanyia kazi miaka mingi. Kitabu cha kwanza kilitoka 1951. Kile cha mila za ukoo, chenye maziko na wazimu wa kuigiza, kikatoka 1957, kingine 1959, cha mwisho 1977. Sehemu kubwa ya maelezo ya vilio katika kitabu cha 1957 ilitoka kwenye daftari za mume ambaye yeye mwenyewe alikuwa mjane wake. Kitabuni hakujiweka mbele. Alifariki mwaka 1982.

Daftari hizo sasa ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na vitabu vyote vinne viliandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kyela au Tukuyu atakayekaa na kuifasiri angalau sura ya maziko, na kuisoma mbele ya wazee ili waikosoe, atakuwa amewarejeshea Wanyakyusa kilicho chao. Kazi hiyo ianze mapema, wazee wakiwa bado wapo.